Ruta ya Chumba cha Nyuma

Mume wetu alikuwa na siku thelathini na nne kaburini nilipoamua intaneti ivutwe mpaka chumbani kwangu. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mwenzangu aliletwa baadaye, wakati mimi nimeshajua kila ufa wa nyumba ile. Mimi namwita bi mdogo, yeye ananiita dada, na kwa miaka thelathini na miwili tumelala chini ya bati moja bila mmoja wetu kukaa kitandani kwa mwenzake. Hatukugombana. Tuliheshimiana kwa mbali, kila mtu na mlango wake.

Nyumba yetu iko Gongoni. Aliijenga babu yake marehemu, ambaye alikuja na misafara kutoka pwani akibeba mizigo ya watu wengine, mguu ukamwoza hapa hapa Tabora, wenzake wakaendelea na safari na kumwacha. Alipopona akajenga kama mtu anayeogopa kuondolewa tena. Kuta za udongo, nene, ukipitisha mkono dirishani kiwiko kinabaki ndani na vidole ndiyo kwanza vinaona jua. Ukumbi unapita katikati kutoka baraza ya mbele mpaka uani. Chumba cha bi mdogo ni cha kwanza ukiingia, changu ni cha mwisho, na kati yetu kuna chumba cha marehemu, ambacho wakati huo kilipigwa kufuli kusubiri mirathi.

Waifai ililetwa na mtoto wa bi mdogo, yule anayefanya kazi Dodoma. Akaifunga chumbani kwa mama yake. Ningekuwa na mtoto wa kiume Dodoma na mimi ningetaka ifungwe kwangu. Lakini wangu ni mmoja tu, wa kike, na yuko Maskati anapika katika nyumba ya watu. Amenipa mjukuu mmoja, naye yuko bweni, anaongoza darasa lao kwa hesabu, na mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyeniambia mbele ya wazazi wengine. Mimi nimeishia darasa la nne. Nikitaja wale wawili huwa nainua kidevu, watu wa Gongoni wanajua, na wengine wananicheka nikishapita.

Zamani, Ijumaa mchana baada ya swala, nilikuwa naenda kukaa barazani, karibu na dirisha la bi mdogo, waifai inafika, naongea na mwanangu tukiangaliana. Sasa tulikuwa edani. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe zisizo na ua, mafuta mazuri hakuna, udi hakuna, na mwanamume asiye maharimu asikuone. Baraza ikawa ya wanaume. Mimi nikawa wa chumba changu na uani pale kunapokuwa hakuna mtu. Na mle chumbani simu inakamata mnara kidogo sana. Sauti inakuja vipande vipande, picha ndiyo usiseme.

Basi Ijumaa ile ya siku ya thelathini na tatu mwanangu alipiga. Nikaona kidevu chake, kikaganda. Halafu sauti ikaja peke yake.

"Mama, mkataba umeisha. Wananitaka nisaini miaka miwili mingine. Nisaini au nirudi?"

"Lini wanataka jibu?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Mama, unanisikia?"

Nilimsikia. Lakini mimi kwa mtoto huyu sijawahi kukata shauri bila kumtazama usoni. Kwa sauti anaweza kukudanganya, ana sauti ya baba yake, tamu hata akiwa na homa. Akikudanganya ukimwona, unamjua kwenye macho. Nikamwambia, "Ijumaa nitakujibu nikikuona." Alikuwa anasema kitu kingine, simu ikakata.

Kesho yake nikampigia fundi wa Isevya, yule anayetengeneza madishi na simu. Nikamwambia nataka waifai ya chumba cha mbele ifike chumba cha nyuma. Akasema hilo jambo dogo, bibi, unahitaji ruta ya pili na waya, ya pili inakula kutoka kwa ya kwanza. Nikamwambia iwe tayari kabla ya Ijumaa. Ijumaa hiyo ilikuwa ndiyo arobaini ya marehemu, lakini hilo sikumwambia, maana angeniona nina haraka isiyo na adabu.

Alikuja Jumatano. Sura yake siijui mpaka leo. Najua viatu vyake, kwa sababu pazia langu haligusi sakafu. Alikaa ukumbini mbele ya mlango wangu kwenye kigoda, nami ndani kitandani, tukaongea na pazia katikati kama watu wanaoungama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usiingie."

"Siingii, bibi. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Fanya kazi."

Alipitisha waya kutoka kwa bi mdogo, ambaye naye alijificha nyuma ya kabati akimwelekeza kwa mdomo. Ukapita juu kwenye boriti, juu ya mlango wa marehemu, ukaja kuning'inia kwangu kama mkia wa ng'ombe. Halafu akakaa na hiyo ruta ya pili na simu yake, akabonyeza kwa muda mrefu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaifundisha. Ruta zote mbili zimezaliwa zikijiona wakubwa, akasema, kila moja inataka kugawa anwani kwa simu za nyumba nzima, kwa hiyo hii ya pili lazima abadilishe anwani yake na kuizuia kugawa, iwe inapokea tu na kupitisha.

"Yaani unaifunza kuwa mke mdogo," nikasema.

Akakohoa. Kule mbele nikamsikia bi mdogo naye anakohoa.

Alipomaliza aliiweka kwenye sinia, akaisukuma chini ya pazia. Akanielekeza: tia umeme, subiri taa ziwake, kisha chomeka waya kwenye tundu lolote la njano, yako manne, lile la bluu liache. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha marehemu kutumia simu. Basi akaaga, alikuwa na treni ya Bukene asubuhi, kuna duka linamsubiri, atarudi Jumatatu. Ikiwa na shida nimpigie.

Nikatia umeme. Taa zikawaka. Nikaichukua mkononi ili nichomeke waya, na hapo ndipo nilipoona uchafu wake.

Sijui alikuwa ameiweka wapi. Ilikuwa na vumbi la tumbaku, lile la kahawia linaloganda, limejaa kwenye kila kitundu. Mimi kitu kichafu hakilali chumbani kwangu. Nikachukua kitambaa nikafuta mgongo na tumbo. Vile vitundu vidogo vikanishinda, nikachukua sindano yangu ya kufumia, yenye ncha ya ndoano, nikavichokoa kimoja kimoja. Kilikuwepo kimoja nyuma, kidogo kuliko vyote, kipo peke yake, nikakiingiza sindano kikagota kwenye kitu laini. Nikajua hapa ndipo vumbi lilipojificha. Nikakandamiza na kuzungusha, nikakandamiza na kuzungusha. Taa zote zikazimika, kisha zikawaka zote kwa pamoja. Nikafikiri imefurahi kusafishwa.

Nikachomeka waya tundu la njano. Nikaifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, cheupe, chenye ncha za waridi, sawa na kile cha redio. Nikakaa kuisubiri.

Haukupita muda bi mdogo akaita kutoka mbele.

"Dada, umefanya nini huko? Simu yangu imekufa."

"Mimi nimechomeka tu."

"Basi chomoa."

Nikachomoa. Baada ya kitambo akasema ya kwake imerudi. Nikachomeka, ikafa. Tulifanya hivyo mara nne, tukiitana ukumbi mzima kama watu walio ng'ambo ya mto. Kwangu taa zinawaka, simu inaandika kwamba imeunganishwa, na hakuna kinachopita, mwisho nikauacha waya umechomolewa. Alhamisi nilimpigia fundi, naye yuko kwenye treni, sauti inakuja vipande. Nilipata maneno mawili: "usiguse" na "Jumatatu". Nilikuwa nimeshagusa.

Alhamisi jioni bi mdogo alikuja uani kuchota maji, akanikuta nimekaa kwenye ubao wa kufulia.

"Dada, kesho asubuhi hamia kwangu kabla wanaume hawajaja. Utaongea naye kwa raha, na mimi nitatoka nikae huku jikoni."

Alisema vizuri. Hakuwa na kejeli. Na mimi nilijua kabisa kwamba ni jambo la akili. Nikamwambia, "Nitaona." Neno hilo bi mdogo analijua, nimemwambia miaka thelathini na miwili, na hajawahi kuona nikiona. Akajitwisha ndoo yake akaenda.

Niliamka Ijumaa nimeshaamua niende. Nataka muelewe hilo. Nilioga, nikavaa, nikakunja mkeka wa kukalia ili nisikae kitandani kwake. Lakini mvua ilianza kabla sijamaliza chai, na wasomaji wa hitima ya arobaini, ambao tuliwawekea mikeka barazani, wakahamishiwa ndani ukumbini. Nilipofunua pazia kidogo niliona migongo. Ukumbi mzima, kutoka mlango wa bi mdogo mpaka wangu, wanaume wamekaa na juzuu zao mapajani. Uani nako wanaume wengine wanageuza sufuria za pilau chini ya bati. Nikaachia pazia. Nikakaa na mkeka wangu umekunjwa.

Walisoma, wakaenda kuswali huku wazee wasioweza kutembea na mvua wakibaki mikekani, wakarudi wakaketi kusubiri chakula. Saa ya mwanangu ikafika. Simu yangu ikaita mara moja, ikakata. Ikaita tena, ikakata. Halafu nikasikia simu ikiita kule mbele, na bi mdogo akaipokea, na sauti ya mwanangu, safi, nzima, ikasema, "Shikamoo mama mdogo, mama yuko wapi?"

Nilisimama. Mtu akisimama chumbani kwake mwenyewe hana pa kwenda ni kitu cha ajabu. Nilikwenda mpaka kwenye pazia nikarudi.

Bi mdogo akamwita shemeji yetu, mdogo wake marehemu, ambaye alikaa karibu na mlango wake. Akampa simu kupitia pazia. "Mpelekee mama yake." Shemeji ni mzee mwenye magoti mabovu. Alinyanyuka, nikamsikia anavuka miguu ya watu, anasema samahani, samahani, na mwanangu mkononi mwake anasalimia ukumbi mzima, na ukumbi mzima unaitikia marahaba. Alipopita mlango wa marehemu sauti ikaanza kukatika. Alipofika kwangu ikanyamaza. Akaisukuma simu chini ya pazia.

Mwanangu alikuwa ameganda akiwa amefumba macho. Nilimshika hivyo. Macho niliyokuwa nayataka ndiyo aliyokuwa ameyafunga. Nikamtikisa.

"Imekata, shemeji," nikasema.

"Mtandao unaishia pale kwenye kufuli," akasema. "Nirudi nayo?"

"Rudi nayo."

Akarudi nayo, samahani, samahani. Akasimama katikati ya ukumbi, pale inaposhika, mwanangu akafufuka. Nikamsikia anaongea, lakini mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu, inapiga bati, na maneno yakawa hayafiki. Basi shemeji akaanza kunifikishia.

"Anasema hajambo. Anauliza wewe."

"Mwambie sijambo. Amekonda?"

Shemeji akamtazama. "Ana kilemba, sioni vizuri. Naona yuko sawa."

"Mpe bi mdogo amwangalie."

Bi mdogo akasema kutoka nyuma ya pazia lake, "Nimeshamwona, dada. Amekonda."

Watu waliokuwa wanazungumzia mvua wakaacha kuzungumzia mvua.

"Shemeji," akaniita mdogo wake marehemu, "anauliza lile jambo. Kesho ndiyo siku. Anasema, nirudi au nisirudi?"

Na wanaume wote wakaligeukia pazia langu. Sikuwaona, lakini mikeka ya ukindu inatoa sauti watu wakigeuka. Wale walikuwa ndio watu niliowaambia miaka yote kwamba mwanangu yuko Maskati. Mwenye duka aliyeniona nikibadilisha bati upande wangu kwa pesa za Maskati. Mzee wa msikitini ambaye mjukuu wake alifeli na wangu akafaulu, na nikampa pole iliyozidi kidogo. Neno lilikuwa moja. Nilikuwa nalo mdomoni tangu Ijumaa ile ya kidevu, na kusema kweli tangu mwaka aliopanda ndege. Rudi. Lakini kulisema pale, liende kwa shemeji, wao walisikie kwanza kabla ya yeye, ukumbi mzima ujue kwamba mama yake peke yake hawezi?

"Mwambie," nikasema, "afanye anavyoona mwenyewe."

Shemeji akamfikishia kama lilivyo. Bi mdogo akaita, taratibu, "Dada. Hilo ndilo neno lako?"

"Ndilo."

"Haya," akasema.

Pilau ikaletwa.

Jumamosi nilishinda na simu mkononi, naizungusha kila pembe ya chumba, juu ya sanduku, kwenye dirisha, hata chini ya kitanda. Nilitaka kumpigia nimwambie lile neno lingine. Ikikamata, kwake haiiti. Ikiita kwake, hapokei, maana Jumamosi mwenye nyumba wake ana wageni na simu huwekwa kabatini. Bi mdogo alijaribu kutoka kwake mara mbili, tatu. Hakuniambia nije. Aliniambia tu kwamba haipokelewi.

Jumatatu viatu vikarudi. Nikaisukuma ruta nje na sinia lake. Fundi alibonyeza simu yake, akabonyeza tena.

"Bibi, nani ameifuta hii?"

"Mimi. Ilikuwa chafu."

"Sio kufuta vumbi. Imefutwa mafunzo yote niliyoiwekea. Imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Inagawa anwani tena, na anwani yake mwenyewe ni ile ile ya ruta ya mbele. Zote zinajiita kitu kimoja, simu hazijui zisikilize ipi." Akaigeuza. "Kuna kitundu kidogo nyuma. Ulikigusa?"

"Nilikisafisha kwa sindano ya kufumia."

Viatu vikavutwa chini ya kigoda.

"Bibi, kile si cha kusafisha. Kile ndicho cha kuisahaulisha."

"Ungeniambia."

"Ningekuwa nimekaa ndani ningekuzuia mkono," akasema, na nikaona kwamba hakuwa ananilaumu. Alikuwa ana huzuni tu, kama mtu aliyeona kazi yake imefuliwa.

Aliifundisha upya. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Akaisukuma chini ya pazia, nikachomeka tundu la njano, na sikuigusa mahali pengine popote. Simu yangu ikalia, ikalia tena, jumbe za wiki nzima zikaingia kwa mpigo. Kule mbele bi mdogo akasema ya kwake iko hai. Zote mbili hai, nyumba moja.

Mwanangu akapiga mwenyewe jioni ile, kutoka stoo ya vyakula, kwa kuiba dakika. Picha ilikuja safi sijapata kuona. Niliona gunia la mchele nyuma yake na maandishi yake. Niliona kovu la nyusi alilopata kwa kuanguka uani kwetu. Nikamwangalia machoni.

"Nimesaini, mama," akasema. "Juzi Jumamosi."

"Ulitaka kusaini?"

"Si ulisema nifanye ninavyoona."

"Nimeuliza ulitaka?"

Akacheka kwa ile sauti ya baba yake, lakini macho sasa nilikuwa nayaona. Akasema kazi si mbaya, miaka miwili si mingi, mtoto atakuwa kamaliza shule. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nimefurahi. Akaniuliza kama ninamwona vizuri sasa, nikamwambia ndiyo, asogee mbele kidogo. Akasogea.

Bi mdogo akaita kutoka chumba cha mbele.

"Dada, unamwona?"

"Namwona."

"Haigandi?"

"Haigandi. Naona mpaka mifupa ya shingo."

Baadaye kidogo nikasikia mlango wake, na kandambili zake zikija ukumbini, zikapita chumba cha marehemu, zikasimama kwenye pazia langu. Miguu yake ilikuwa imevimba, sikuwa nimejua. Nikamsogezea nafasi kitandani, akaingia, akakaa, tukamwangalia wote wawili mpaka dakika zake zikaisha.